Mwongozo kamili: punguza matumizi na taka nyumbani bila kuishia njiani

Swali linalorudi kila mara ni lile lile. "Nimenunua chupa ya chuma, mifuko ya kitambaa, makopo ya kioo, mwezi haujaisha nimerudi kule kule, nakosea wapi?" Na ukimuuliza mtu alianzia wapi, wengi wanajibu kitu kimoja, walianzia dukani. Ishu ndio iko hapo. Kubadilisha matumizi kunaanzia kwenye ndoo ya taka, dukani ni baadaye sana, na mwongozo huu umepangwa hivyo.

Soma wote kwanza alafu ndio urudi hatua ya 1. Usiruke zile mbili za mwanzo, watu wengi wanaziona za kitoto na ndio zinawaangusha.

## Unachohitaji

- Daftari dogo na peni, vikae jirani na ndoo ya taka
- Mizani ya jikoni, kama huna tumia ndoo yenye alama za lita
- Maka peni na selotepu ya karatasi, ya kuandikia tarehe kwenye vyombo
- Vyombo vyenye vifuniko ulivyonavyo tayari, hata makopo ya siagi au aiskrimu yaliyooshwa vizuri
- Ndoo mbili, moja ya mabaki ya jikoni na nyingine ya vitu vikavu
- Kipimajoto kidogo kama una friji
- Sindano, uzi, bisibisi

Kama kitu hakipo, azima. Usinunue chochote kwa ajili ya mwongozo huu.

## Hatua ya 1: Andika kila kinachotupwa kwa siku 7

Kila kitu kinapoingia kwenye ndoo ya taka andika mambo manne: ni nini, kiasi gani, kwanini kimetupwa, na kilikuwa wapi kabla ya kutupwa. Hilo la nne watu hulisahau, na mara nyingi ndio linatoa jibu.

Ukurasa mzuri unafanana hivi:

*Jumanne. Mkate, vipande vinne, umeota ukungu. Ulikuwa nyuma ya sufuria kubwa ndani ya friji.*
*Jumanne. Mboga za majani, fungu zima, zimegeuka njano na majimaji ndani ya mfuko. Zilinunuliwa Jumamosi, mtu mwingine akanunua tena Jumapili.*
*Jumatano. Chupa ndogo ya maji ya plastiki. Nilitoka bila maji.*
*Alhamisi. Waya wa chaja, umekatika karibu na kichwa.*

Sasa cheki hizo sababu. Mkate umeharibika kwasababu haukuonekana. Mboga zimeoza kwasababu watu wawili wamenunua bila kuambiana, hiyo dawa yake ni karatasi ya orodha mlangoni. Chupa ya chuma ingesaidia mstari mmoja tu kati ya minne, na hata huo mmoja inategemea kama utakumbuka kutoka nayo. Ndio maana anayeanza kwa kununua vifaa anatibu ugonjwa ambao hana.

Angalizo: wiki hii usijirekebishe. Kula, nunua na tupa kama kawaida yako. Ukianza kujibana tangu Jumatatu daftari litakudanganya na hatua zote zinazofuata zitakuwa za kubahatisha. Betri, wembe, vioo vilivyovunjika na dawa zilizoisha muda viweke pembeni, visichanganyike na taka zingine.

Utajua umefaulu: siku ya saba ukisoma kurasa zako unaona sababu mbili au tatu zinajirudia rudia. Ukiona sababu ishirini tofauti ujue umeandika vitu, hujaandika sababu, rudia wiki nyingine.

Mwisho wa wiki pima uzito au ujazo wa jumla, andika kwenye ganda la daftari. Utauhitaji mbele.

## Hatua ya 2: Chagua tabia moja tu na uifunge kwenye kitu unachokifanya tayari

Hapa ndipo nguvu ya soda inapoua watu. Mtu anaamua wiki moja aache nyama, apunguze umeme, asinunue nguo, atenganishe taka na atembee kwa miguu, yote kwa pamoja, siku ya kumi amechoka na anaamini yeye hawezi. Anaweza sana, ila amejibebesha mzigo wa watu watano.

Chukua sababu inayojirudia zaidi kwenye daftari lako, tafuta tabia moja inayoiondoa, iandike kwa mtindo wa "nikifanya hiki, nitafanya kile". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 jinsi mipango ya namna hii inavyosaidia watu kutimiza nia zao, na sababu ni rahisi tu, kichwa hakilazimiki kuamua upya kila siku. Mifano:

- Nikishika funguo za kutoka, najaza chupa ya maji.
- Kabla sijaanza kupika, nafungua rafu ya "kula kwanza".
- Nikitaka kulipia kitu mtandaoni, nakiandika kwanza kwenye orodha ya kusubiri.

"Nitapunguza plastiki" sio mpango, haina saa wala mahali.

Kuhusu muda, yale mambo ya siku 21 yasahau. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, uliotoka 2009, ulikuta wastani wa siku 66 mpaka tabia iwe inajiendea yenyewe, na watu walitofautiana kutoka siku 18 mpaka 254. Jambo la kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari kwa kiasi cha maana. Kwahiyo ukisahau leo, kesho endelea ulipoishia, hakuna haja ya kuanza kuhesabu upya.

Utajua umefaulu: unafanya kabla ya kukumbuka kwamba uliamua kufanya. Hapo ongeza ya pili.

## Hatua ya 3: Chakula, maana kwa nyumba nyingi ndio taka kubwa

Nimeipa hatua hii nafasi kubwa kwa makusudi. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, sio hotelini wala madukani. Chakula kinachopotea na kutupwa, ukijumlisha kuanzia shambani, kinahusishwa na asilimia 8 mpaka 10 ya gesi zinazopasha dunia joto. Na kikifika dampo kinaoza bila hewa kinatoa methani, moja ya gesi hizo hizo. Yaani umelipia, umebeba, umepika, alafu kinaenda kuongeza joto.

Rafu ya "kula kwanza". Chagua sehemu moja ya friji au kabati, iwe usawa wa macho, bandika selotepu uandike KULA KWANZA. Chochote kinachokaribia kuharibika kinahamia hapo, na anayetaka kula anaanzia hapo. Usiiweke chini kabisa kwenye droo, kisichoonekana hakiliwi.

Orodha moja tu ya manunuzi. Karatasi mlangoni au kundi la simu, vyovyote, lakini iwe moja kwa nyumba nzima. Kabla ya kwenda kununua piga picha ndani ya friji na kabati, ukiwa dukani angalia picha kabla hujanyoosha mkono.

Soma tarehe vizuri. Kuna tarehe za aina mbili na watu wanazichanganya sana. "Bora kabla ya" inazungumzia ubora, vitu vingi vikavu vikipita hapo bado vinaliwa kama vimehifadhiwa sawa, vinaonekana na kunuka kawaida. "Itumike kabla ya" inahusu usalama, hiyo ikipita usile, hata kama kinanukia vizuri.

Viporo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, funika, andika tarehe, ingiza kwenye friji iliyo chini ya nyuzi 5. Kiliwe ndani ya siku 3 au 4, na ukipasha kipashe mpaka kitoke mvuke katikati, sio pembeni tu. Kama unajua hutakila muda huo, weka friza siku hiyo hiyo usisubiri siku ya nne.

Tenganisha vinavyoharibiana. Tufaha, ndizi na nyanya zinapoiva zinatoa gesi inaitwa ethilini, inawahi kuivisha na kuozesha vilivyo jirani, hasa mboga za majani. Viazi na vitunguu navyo visikae pamoja. Mboga za majani zikaushe maji, zifunge kwenye kitambaa au karatasi kabla ya kuziweka kwenye chombo, yale majimaji kwenye mfuko ndio yanayoziozesha.

Na nyama. Uzalishaji wa nyama ya ng'ombe unatoa gesi nyingi sana kwa kilo kuliko maharage au dengu, tofauti ni mara nyingi mno, wala sio asilimia chache. Kama unakula mara nyingi, kubadilisha milo kadhaa kwa wiki kunazidi kwa mbali ile kazi ya kuhangaika na mrija wa plastiki.

Angalizo: usigeuze kutotupa kuwa ushujaa wa kula vibaya. Chakula laini chenye ukungu tupa chote, ukungu unaingia ndani kuliko unavyoonekana. Huna friji? Pika kiasi cha mlo mmoja, nunua kidogo mara kwa mara, hiyo kwako ni salama kuliko kuhifadhi viporo.

Utajua umefaulu: ndoo ya mabaki ina maganda na mifupa tu, chakula chenyewe hakipo.

## Hatua ya 4: Watu unaoishi nao

Wengi wanaonirudia kusema "imeshindikana" hawakushindwa wao, walishindana na nyumba. Mmoja amebadilika, wanne hawana habari, alafu yule mmoja anageuka polisi wa ndoo ya taka na kila mtu anamchoka.

Badilisha mazingira ya nyumba, maneno yapunguze. Ndoo ya vitu vikavu ikiwa karibu na ya taka watu wataitumia, ikiwa nje uani hakuna atakayetoka usiku kwa ajili ya kopo moja. Waoneshe kurasa za daftari bila kutaja nani katupa nini, uliza tu "tufanyeje hapa?" Mpe kila mmoja kitu kimoja kiwe chake kabisa. Watoto hasa wanapenda kazi ya kuandika tarehe kwenye vyombo na wanaifanya kwa umakini kuliko wakubwa.

Angalizo: usitupe wala kugawa kitu cha mtu mwingine bila kumuuliza. Ukifanya hivyo mara moja umepoteza ushirikiano wa miezi.

Utajua umefaulu: mtu mwingine anahamisha kitu kwenye rafu ya "kula kwanza" bila wewe kusema.

## Hatua ya 5: Weka breki kwenye manunuzi

Sasa ndio tunafika dukani. Fungua ukurasa mpya wa daftari, chora safu tatu: kitu, tarehe, kazi yake. Kila kitu ambacho sio chakula, dawa au dharura kinaandikwa hapo na kinasubiri siku 30. Hamu ya kununua ina tabia ya kupanda ghafla na kushuka, hasa ukiona neno "ofa", na muda ndio unakata ule moto. Zikiisha siku 30 jiulize haya kwa mpangilio huu huu:

1. Nimekwama mara ngapi mwezi huu kwa kukosa hiki kitu? Kama hakuna, futa.
2. Nina kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo?
3. Naweza kuazima au kukodi? Kama matumizi ni mara moja au mbili kwa mwaka jibu liwe kuazima.
4. Kipo cha mtumba chenye hali nzuri?
5. Kama ni kipya, kinafunguka? Vipuri vyake vinapatikana? Betri inabadilishika?

Ukifika swali la tano na bado unakihitaji, nunua na usijisikie vibaya, hicho ni kitu unachokihitaji kweli.

Alafu ongeza ugumu wa kununua. Futa kadi uliyohifadhi kwenye programu za kununulia, zima notifikesheni zao, jiondoe kwenye barua pepe za matangazo. Ukilazimika kunyanyuka kufuata pochi ili uandike namba, utaghairi mara nyingi kuliko unavyodhani.

Angalizo la kwanza: kitu chenye jina zuri la mazingira bado ni kitu. Shirika la mazingira la Uingereza kwenye utafiti wa 2011 lilikadiria kwamba mfuko wa pamba unatakiwa utumike mara 131 ndio uwe umeushinda ule mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja, kwa upande wa gesi za joto. Kwahiyo mfuko mmoja wa pamba unaotembea nao kila siku ni mzuri, kumi na tano iliyojaa nyuma ya mlango ni hasara. Vyombo vya plastiki ulivyonavyo endelea navyo mpaka vichakae, usivitupe ili ununue vya kioo.

Angalizo la pili: pesa itakayobaki. Ukiokoa kwenye nguo na chakula alafu ukaitumia yote kwa safari ya ndege ambayo hukuipanga, mazingira hayajapata kitu. Ipe kazi mapema, mimi nashauri iwe akiba ya matengenezo, inatumika hatua inayofuata.

Utajua umefaulu: orodha yako ina vitu vingi vilivyofutwa na huwezi hata kukumbuka kwanini ulivitaka.

## Hatua ya 6: Vidumishe vitu ulivyonavyo

Simu ni mfano mzuri. Sehemu kubwa ya gesi za joto zinazotokana na simu hutoka kiwandani, kabla hujaiwasha hata mara moja, kwahiyo kuitumia mwaka mmoja au miwili zaidi ni kazi kubwa kuliko kuichaji kwa ubahili. Usiiache juani wala chini ya mto ikiwa inachaji, joto ndio linaua betri. Ukiweza iweke kati ya asilimia 20 na 80. Ikianza kuisha haraka badilisha betri kwanza kabla ya kuwaza simu mpya. Betri ikivimba acha kuitumia hapo hapo, usiitoboe wala kuibana, peleka kwa fundi.

Nguo nazo, fulana moja ya pamba inakadiriwa kuhitaji lita 2,700 za maji kutengenezwa, kuanzia shambani. Kifungo kikitoka kishone siku hiyo hiyo, tundu dogo lizibe kabla halijawa kubwa. Fua kwa maji ya baridi, geuza ndani nje, anika kivulini kama ina rangi kali.

Kwenye kila nyumba kuna kile kikapu cha "vitatengenezwa siku moja". Kitoe, chagua vitu vitatu tu, vipangie tarehe. Visivyotengenezeka mpe fundi achukue vipuri.

Utajua umefaulu: kitu kikiharibika wazo la kwanza linalokuja ni jina la fundi.

## Hatua ya 7: Umeme na maji

Hapa ni haraka, kanuni ni moja: kinachopasha joto au kupoza ndicho kinachokula. Funika sufuria. Chemsha maji unayohitaji tu. Kama mashine yako ya kufulia inapasha maji, nishati yake nyingi inaenda huko, weka maji ya baridi. Taa za LED zinatumia umeme pungufu kwa asilimia 75 au zaidi kuliko balbu za zamani za waya, badilisha zile zinazowaka muda mrefu kwanza.

Friji ijaribu hivi: bana kipande cha karatasi kwenye mlango, funga, alafu kivute. Kikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja usiku kucha, badilisha mpira sio friji.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Mara nyingi tatizo ni washa, kile kipete cha mpira ndani ya bomba, kitu kidogo sana. Angalizo: funga maji ya mfereji mkuu kabla hujafungua bomba, na mambo ya waya za umeme muachie fundi.

Utajua umefaulu: linganisha usomaji wa mita, mwezi kwa mwezi. Kiasi cha pesa kinaweza kukudanganya maana bei hubadilika.

## Hatua ya 8: Kilichobaki ndio kirejelezwe

Nimeiweka mwishoni kwasababu watu wengi wanaiweka mwanzoni. OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, kwenye ripoti yake ya 2022 ilisema taka za plastiki zinazorejelezwa kweli duniani, yaani kugeuzwa malighafi ya vitu vipya, ni asilimia 9 tu. Usinunue kwa kujipa moyo kwamba "si itarejelezwa".

Ile pembetatu yenye namba chini ya chupa inakuambia aina ya plastiki, haikuahidi kwamba inapokelewa. Namba 1 na 2 ndio hupokelewa zaidi. Uliza wakusanyaji wa eneo lako wanachukua nini, andika jibu juu ya ndoo, suuza vyombo na vikauke. Kopo moja lenye mafuta linaweza kuchafua karatasi zote.

Maganda na majani yatengeneze mboji kama una nafasi. Kwa ujazo weka sehemu 2 au 3 za vitu vikavu, majani makavu au karatasi zisizo na rangi, kwa sehemu 1 ya mabichi. Ikinuka imezidi unyevu, ongeza makavu na igeuze. Nyama, mafuta na maziwa visiingie, vinaita panya.

Betri na vifaa vya umeme visiende kamwe kwenye ndoo ya kawaida, betri za lithiamu zikibanwa zinawaka moto. Tafuta wanaopokea, na ukiwa unatoa simu futa taarifa zako zote, toa laini na kadi ya kumbukumbu.

## Hatua ya 9: Pima tena

Baada ya miezi mitatu rudia hatua ya 1 neno kwa neno: siku 7, mambo yale yale manne, mizani ile ile. Chagua wiki ya kawaida, isiwe ya sherehe wala ya wageni.

Linganisha uzito na ule ulioandika kwenye ganda la daftari, alafu linganisha sababu. Kama uzito umeshuka na sababu yako kuu imepotea, chukua inayofuata kwenye orodha na urudi hatua ya 2. Kama uzito umeshuka ila sababu ni ile ile, inawezekana umenunua pungufu tu mwezi huo, chunguza tena. Na kama hakuna kilichobadilika usiongeze juhudi, punguza ukubwa wa tabia: badala ya "naangalia rafu kabla ya kila mlo" iwe "naangalia rafu kabla ya chakula cha usiku", uende nayo hiyo miezi mitatu mingine.